Shule Tatu za Daktari

Agustina Ghati alikuwa amesuka nywele, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote ya siku ile. Aliamka mapema Jumamosi akaenda kukaa miguuni kwa jirani yake mpaka shingo ikakakamaa. Akaoga kwa kipande cha mwisho cha sabuni ya maana, mwaka ambao sabuni ilikuwa haionekani madukani hata kwa dawa. Akavaa gauni la bluu alilokuwa akilitunzia Pasaka. Kisha akatembea kutoka nyumba za walimu mpaka mji wa Bibi Waisiko, palepale Kemambo, moyo ukimdunda njia nzima utadhani ndiyo kwanza anavunja ungo. Na yote hayo alimfanyia mwanaume ambaye, salamu zilipokwisha, aliweka kwenye meza ya uani vijitabu vitatu akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie kuchagua shule."

"Shule," alisema Agustina.

"Ya watoto. Nimekuja kuwachukua. Nikaona hakuna anayewajua kama wewe."

Mwanaume huyo aliitwa Method Werema. Alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa mji uleule, na sasa alifanya kazi Roma, katika shirika moja la kimataifa linaloshughulika na maradhi ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa huku Tarime, daktari wao alikuwa Roma, na kwa maoni ya Agustina hilo lilitosha kumweleza mtu yeyote shirika lile lilikuwa la namna gani. Mkewe, Regina, alifariki kabla Method hajaenda huko. Watoto wao wawili, Machage na Christina, walibaki kwa bibi yao na kusoma shule ya kijiji, kwa Mwalimu Agustina, Machage akiwa kiranja wa darasa.

Mwaka uliotangulia Method alikuja likizo. Alifika shuleni kuuliza maendeleo ya watoto, akakaa kwenye dawati dogo, magoti yamemfika kidevuni, mpaka kengele ya kurudi nyumbani ikagongwa. Alipokuwa akiaga alimtazama Agustina kwa jicho ambalo Agustina alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Tangu hapo zikaja barua. Zilianza na "Ndugu Mwalimu" na kuishia na "nakukumbuka". Agustina alizijibu kwa habari za hesabu na usafi wa daftari, na chini kabisa sentensi moja isiyohusu hesabu. Barua ya mwisho ilisema, nakuja, nina jambo la kukuuliza.

Basi jambo lenyewe ndilo hili. Shule.

Alimtazama vizuri mwanaume ambaye nywele zilisukwa kwa ajili yake. Alikuwa amevaa viatu vyeupe visivyo na kamba, na kila alipopita uani alichagua pa kukanyaga, yeye aliyejifunza kutambaa kwenye ua huohuo, mavi ya ng'ombe yakiwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amenenepa kidogo. Bado alikuwa mzuri, na hilo nalo lilimkera.

Jikoni, hatua chache kutoka pale mezani, Bibi Waisiko, mama yake Method, alikuwa akichochea moto. Mlango ulikuwa wazi na masikio yake yalikuwa wazi zaidi. Hakumtaka Agustina, na hakuwa mtu wa kuficha. Alisema mwalimu ana mdomo, ana umri, amekataa posa za watu wenye mazizi yao, na mwanamke aliyezoea kuamrisha watu kwa kengele hawezi kuacha hata akiolewa. Alikuwa ameshamtafutia mwanawe binti mpole wa kule Matongo.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera Bibi, la miaka mingi. Mjukuu wake Machage alirithi jina la marehemu mumewe. Kwa hiyo Bibi alimwita "mume wangu", na kigoda cha mzee kilichoegemezwa ukutani hakuna aliyekikalia isipokuwa mtoto huyo. Regina, alipokuwa hai, hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina, maana mke wa Kikurya hamtaji baba mkwe wake, hata kama jina limemwangukia mtoto aliyemzaa mwenyewe na anayemfuta kamasi. Alimwita "tata", yaani baba. Mwanamke aliyelitaja jina hilo kwa sauti alikuwa mmoja tu, Mwalimu Agustina, akiita mahudhurio asubuhi, na sauti yake ilikuwa ikivuka shamba la mihogo mpaka kwenye masikio ya Bibi.

"Hii ya kwanza," Method alisema, akifungua kijitabu chenye picha za rangi, "ndiyo yenye sifa kuliko zote. Haiko Roma. Iko milimani, nchi ya jirani, kwa treni unalala njiani. Watoto wa mabalozi wanasoma pale."

Agustina akatazama. Watoto waliovaa mavazi mazito walikuwa wakishuka mlima wamesimama juu ya mbao nyembamba.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanateleza. Juu ya theluji. Ni somo."

"Ni somo."

"Ni mchezo, lakini una mwalimu wake."

"Watoto wangu wakiteleza kwenye tope la kisimani nawachapa," alisema Agustina. "Kumbe ningewatoza ada."

Jikoni Bibi Waisiko akakohoa. Huenda ulikuwa moshi.

"Na wanalala wapi?"

"Palepale, bwenini. Nyumbani wanakuja Krismasi, na Pasaka, na likizo kubwa."

"Christina bado analala ameshika kanga ya bibi yake."

"Atazoea. Mimi nilipelekwa misheni nikiwa na umri kama wake, nikazoea."

Agustina akamtazama kuanzia kwenye viatu, akapanda polepole mpaka usoni.

"Naona ulivyozoea," alisema.

Method akaweka kijitabu pembeni na kuchukua cha pili. Alikuwa na subira ya watu wa maofisini, ile ya kungoja mwenzako achoke. Alieleza kwamba hii ilikuwa ya Waingereza, mjini Roma kwenyewe, ina kwaya, ina maktaba, inafundisha Kilatini. Kwenye picha watoto walikuwa wamejipanga ukumbini, kila mmoja na kofia ya majani kichwani.

"Kofia za nini?"

"Ni sare."

"Nauliza za nini, maana hapo wamo ndani ya nyumba."

"Mwalimu, tafadhali. Mkuu wa shule alinipokea vizuri sana. Alisema tu kwamba, kwa kuwa hawajui Kiingereza, wataanza na watoto wadogo mpaka washike lugha. Na ukishaingia getini ni Kiingereza tu."

"Kiranja wangu wa darasa akae na watoto wa chekechea."

"Kwa muda."

"Anajua desimali, halafu apewe rangi apake bata."

"Kwa muda, nimesema."

"Na akibanwa na haja, akakosa Kiingereza cha kuombea ruhusa? Au ndiyo sababu ya zile kofia?"

Kikohozi cha jikoni safari hii hakikuwa cha moshi. Method akafunga kijitabu kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikatoka kama ya mtu wa Kemambo.

"Unacheka tu. Hebu tuiseme na yako. Juzi nimepita shuleni kwako asubuhi, nikamkuta mwanangu anapalilia pamba. Nikadhani amefanya kosa. Akaniambia, hapana baba, ni ratiba. Watoto wako wanakaa juu ya matofali, Mwalimu. Kitabu kimoja dawati zima, wa pembeni anasoma herufi zimelala. Unataka nimwache pale ili wewe usisumbuliwe na kofia?"

Hilo lilimpata. Lilimpata kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu matofali yale aliyabeba yeye mwenyewe kichwani pamoja na watoto, baada ya kuomba madawati mpaka akachoka. Mtu mwenye ulimi wa dharau akikosa jibu huwa uchi kabisa. Alitazama mikono yake. Alipoinua macho alikuta Method anamtazama, hasira imekwisha, limebaki lile jicho la mwaka jana. Kidogo tu amsamehe viatu.

"Sijasema uwaache," alisema taratibu.

"Basi nisaidie."

Mkono wa Method ulikuwa mezani, karibu na wake. Alinukia sabuni nzuri ya kigeni. Mwaka mzima Agustina alikuwa ameutaka mkono huo uwe hapo, karibu hivyo, jioni kama hiyo.

"Wakija likizo huko Roma watakaa na nani?" aliuliza.

"Ndiyo maana..." Method akatazama viatu vyake, kana kwamba jibu liliandikwa pale. "Nahitaji mtu. Mtu anayewajua, aliyesoma, asiyeogopa ndege. Wa kuwaangalia."

"Mtu."

"Ndiyo."

"Yaya."

"Sikusema yaya."

"Hujasema kitu, Ndugu Daktari. Umepanda ndege, umevuka bahari, umefika mpaka huku kuniambia unahitaji mtu. Watu wapo. Nenda Nyamisangura siku ya gulio, utawakuta wamejaa, uchague."

Method akavipanga upya vijitabu mezani. Huyu ndiye aliyesomeshwa na serikali mpaka Ulaya. Ng'ombe asiyejua kusema, yeye alijua anaumwa nini. Mwanamke aliyesukwa nywele na kuvaa gauni la Pasaka Jumamosi ya kawaida, hakumjua hata kidogo. Agustina aliudharau moyo wake mwenyewe uliokuwa bado unadunda. Akanyanyuka aondoke, na mkono wake ukagusa kijitabu cha tatu, ambacho Method alikuwa amekilaza kifudifudi chini ya vingine.

"Na hiki?"

"Hicho si kitu. Nilikichukua kwa heshima tu."

Kilikuwa karatasi chache zilizokunjwa, na picha moja isiyo na rangi: nyumba ya kawaida yenye mzabibu mlangoni, na watoto wa kila sura wamekaa kwenye ngazi wanakula.

"Iko nyuma ya soko, karibu na ninapoishi," Method alisema bila hamu. "Kuna mama mmoja mzee ndiye mkuu. Watoto wametoka kila mahali, Wahabeshi, Wahindi, Waarabu, hakuna aliyekuja anajua Kiingereza, wanakiokota pamoja. Uwanja hakuna. Saa nane mchana kila mtu anarudi kwao."

Agustina akakaa tena.

"Kwa hiyo hapa kiranja wangu atakuwa na wenzake wasiojua. Hatakuwa mjinga peke yake."

"Ndivyo, lakini..."

"Na jioni atakula kwao."

"Mwalimu, wakubwa wenzangu hawapeleki watoto pale. Huko mtu anapimwa kwa shule ya watoto wake. Wataniuliza."

"Watakuuliza nini? Kwa nini watoto wako hawatelezi?"

"Siwataki pale," alisema Method, na alilisema kwa haraka mno.

Uani, nyuma ya ghala, Christina alikuwa akicheza na watoto wa jirani. Hapohapo akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mwili wake, kilichoanza chini na kupanda mpaka kikakatika kwa kukosa pumzi. Agustina alikuwa akikisikia kila siku shuleni. Lakini alikuwa hajawahi kumwona Method akikisikia. Method aliinamisha kichwa kama mtu aliyemulikwa machoni, na vidole vyake vikashika ukingo wa meza.

"Kwa nini hutaki?" Agustina aliuliza, safari hii bila kejeli.

"Kwa sababu watakuwa nyumbani kila siku." Method alingoja mpaka kicheko kikaisha. "Umemsikia? Ni Regina yuleyule. Usiku niliofika alicheka hivyo wakati wa kula, nikatoka, nikaenda kusimama zizini na ng'ombe. Mama akadhani nawakagua. Siwezi kukaa meza moja na kicheko hicho kila siku, Mwalimu. Nampenda mno yule mtoto, lakini siwezi."

Huruma ilimjia Agustina kwa nguvu, na hakuipenda. Alimfahamu Regina. Hakuwa na wivu na marehemu. Alichokuwa nacho ni hasira, na ilikuwa kwa ajili ya mtoto wa watu aliyekuwa akiruka kamba nyuma ya ghala bila kujua kwamba anahamishwa.

"Kwa hiyo mtoto anapelekwa milimani kwa kosa la kucheka," alisema.

Macho ya Method yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Umenidharau," alisema baadaye.

"Nimekudharau tangu nilipoona viatu. Sasa nimejua sababu, basi. Utasikia kicheko, utalia, utakula. Kesho utasikia tena. Utazoea. Si ulizoea misheni?"

Method akavuta zile karatasi chache zenye picha ya mzabibu, akazilaza juu ya vile vijitabu viwili vya rangi, akatoa kalamu mfukoni. Hivyo tu. Agustina aligeuza uso upande wa boma la ng'ombe, asionekane alivyofurahi.

"Basi iwe hii," alisema Method. "Wanataka majina tu na umri, niwapelekee. Christina hana shida, Christina ni jina la huko. Shida ni la kaka yake."

"Shida gani?"

"Nilipokwenda kuulizia, karani wao ni Mwitaliano. Nikamwandikia jina. Akalisoma Makaje. Herufi zao ndivyo zilivyo. Nikamrekebisha, akasema tena Makaje, watu waliokuwa pale wakacheka. Nimefikiri... wenzangu wamenishauri nimwandikishe Marko. Ni fupi, halina usumbufu."

Bibi Waisiko akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi, unga umemjaa mpaka kwenye kiwiko.

"Makaje ni nani?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyosoma, Mama. Si kwa ubaya."

"Mume wangu hakuitwa Makaje. Na Marko ndiyo nani? Ametoka ukoo gani?"

"Ni jina la shuleni tu, Mama. Hapa nyumbani atabaki vilevile."

"Umemzika baba yako mara moja, mura. Sasa unamzika tena kwa sababu ya karani."

Method akageuka kwa Agustina kuomba msaada, na huo ukawa ujinga wake mkubwa kuliko wote wa siku hiyo.

"Usinitazame mimi," alisema Agustina. Alikuwa amesimama. "Una haya na baba yako? Mzee aliyeuza ng'ombe zake ukaenda misheni, leo unamwonea haya mbele ya karani? Karani gani huyo asiyeweza kufundishwa? Mimi nina watoto sabini wanaozungumza Kikurya na Kijaluo tangu kuzaliwa, nawafundisha maneno ambayo mama zao hawajawahi kuyasikia, wanayashika. Mtu mzima mwenye mshahara ashindwe na jina lile? Halina hata silabi ngumu. Nitamfundisha mwenyewe. Siku moja tu, yeye na mkuu wake, nawasimamisha pale mlangoni kwenye mzabibu wao mpaka waliseme sawasawa."

"Utamfundisha?" aliuliza Method.

Agustina akasita. "Mtu yeyote anaweza kumfundisha."

"Basi nifundishe mimi, nikamfundishe. Litamke polepole, kama unavyofanya ubaoni. Nikuone unavyoanza."

Agustina akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mdomo ukabaki wazi.

Jina lilikuwa palepale, alikuwa analijua, alikuwa ameliandika kwenye mahudhurio muhula baada ya muhula. Lakini ulimi ulikuwa mzito. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mistari ya nywele alizosukwa asubuhi. Akameza mate. Akajaribu tena, na tena hakikutoka kitu.

"Nimekabwa na moshi," alisema.

Bibi Waisiko alikuwa amesimama, mwiko unadondosha unga kwenye kizingiti. Alianza kutikisika mabega kabla sauti haijatoka. Kisha akacheka, na hapo ndipo mtu angejua kwamba Christina hakurithi kicheko cha mama yake peke yake.

"Ndiyo maana," alisema Bibi. "Ndiyo maana, ndiyo maana. Kila asubuhi nilikuwa namsikia mzee wangu akiitwa huko shuleni, na mwanamke asiye wa mji huu. Ilinikera kweli. Mvua zilipoanza, jina likanyamaza. Nikasema huyu mtoto anatoroka shule. Nikamuuliza, mume wangu, siku hizi mwalimu hakuiti? Akasema, ananiita Kiranja."

"Alichaguliwa," alisema Agustina.

"Alichaguliwa na nani? Huyo hawezi kupanga hata mbuzi mstari. Nimejiuliza sana, mtoto wa namna hii amekuwaje kiranja? Umempa cheo ili usimtaje." Bibi akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Na leo tangu umefika hapa, mdomo wote huo, kiranja wangu, kiranja wangu. Mwalimu, ulimi wako umeshaolewa zamani. Wewe ndiye umechelewa."

Agustina alitamani ardhi ipasuke. Alikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi moja ya mvua, barua mpya ikiwa mfukoni, akafika kwenye jina hilo kwenye mahudhurio, akajikuta ameliruka. Hakujiuliza. Kesho yake akaliruka tena. Alikuwa na majibu ya kila mtu, na la kwake mwenyewe hakuwa amelitafuta.

"Maneno ya wazee," alisema, lakini sauti ilikuwa nyembamba.

"Basi litaje," alisema Bibi, na kicheko kikakatika ghafla. "Kama nimekusingizia, litaje hapa mbele yangu, mara moja, nikusindikize mpaka njiani kwa heshima zote. Binti wa Matongo yupo."

Ilikuwa kazi ndogo kabisa. Jina moja, kisha angekuwa huru, angerudi kwenye matofali yake na kengele yake, na daktari angerudi Roma na viatu vyake, na watoto wangemsahau kwa Kiingereza. Agustina aliinua kidevu. Alikuwa amekataa wanaume kwa maneno mengi kuliko hilo.

"Usilitaje," alisema Method.

Alikuwa amesimama. Alikuwa ameacha kutazama chini, na kiatu kimoja cheupe kilikuwa kimezama kwenye mavi mabichi ya ng'ombe bila yeye kujua.

"Agustina," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nakuomba. Usilitaje."

Kwa mtu wa kule, posa haijawahi kusemwa kwa neno fupi kuliko hilo.

"Ndilo jambo ulilotaka kuniuliza?"

"Tangu barua ya kwanza."

"Mbona umeanza na shule?"

"Niliogopa mdomo wako. Nikaona shule ni rahisi."

"Mwanaume mzima," alisema Agustina, lakini dharau ilikuwa imepoteza makali, na wote watatu waliisikia ikipotea. Akaketi. "Haya, sikiliza, maana sitarudia. Baba yangu ataona ng'ombe kwanza, hilo mtaongea na wakubwa. Shule ni hiyo ya nyuma ya soko. Watalala nyumbani. Christina atacheka mezani na wewe utakaa ule, na ukitaka kulia utalia hapohapo, tutakuona, hatutasema kitu. Na viatu hivyo vibaki Kemambo, ng'ombe washavipenda."

Method akatazama mguu wake, akatabasamu. Alichukua kalamu.

"Na hapa kwenye jina?"

"Andika jina la baba yako."

"Lipi? Sijasikia vizuri."

"Usinichezee, Daktari."

Bibi Waisiko alikuwa bado amesimama mlangoni. Alimtazama Agustina kwa muda, ule mtazamo wa mtu anayenunua ng'ombe aliyekwisha kumkataa jana. Mdomo ulikuwa bado upo. Umri ulikuwa bado upo. Lakini huyu alikuwa amempigania marehemu mzee bila kumtaja, na binti mpole wa Matongo asingethubutu kufungua mdomo.

Wakati huo Machage akaingia uani kutoka machungani, fimbo begani, miguu imejaa vumbi. Alimwona mwalimu wake, akasimama wima kama alivyozoea, akingoja kuitwa Kiranja na kuulizwa amekoga au hajakoga.

Agustina alinyanyuka. Alijitoa njiani kati ya mtoto na kigoda cha ukutani, akasimama pembeni, macho chini, kama Regina alivyokuwa akisimama.

"Karibu, tata," alisema.

Mtoto hakusogea. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu mama yake alipofariki. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameshika kalamu hewani bila kuandika. Akamtazama bibi yake, ambaye alijifanya anatazama moto. Kisha akamrudia mwalimu, midomo ikimtetemeka, akatafuta swali ambalo angeweza kuliuliza bila kulia.

"Kwani ukiranja nimevuliwa?"

Agustina aliingia jikoni haraka, uso ameuficha kwa kiganja, na Bibi Waisiko akampa mwiko.